Maswali Tuliyoyabakiza kwenye Flashi

Kwanza ijulikane kwamba kompyuta sikufundishwa na mtu. Darasa la saba nilimaliza, na kumaliza ndiko nilikofanya. Kufaulu walifaulu wengine. Nilianza kwa kutengeneza redio za watu barazani kwa mama, nikaingia kwenye televisheni za chogo, nikaja simu, na leo nina fremu mbili za duka Pasua, hapa Moshi mjini, zilizojaa kompyuta mpaka mlangoni. Wenye digrii zao wanakuja wamezikumbatia mashine kama watoto wenye homa, wananiambia, "Fundi, tusaidie." Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu ni kweli.

Wateja wangu ni wa aina mbili. Kuna wa mjini, ambao mashine ikiwagomea wanapanda bajaji nayo na kabla chai haijapoa wako mbele yangu. Halafu kuna wa mlimani, vijiji vya Kilimanjaro. Hao ni kazi nyingine. Kompyuta ya mezani ikipakiwa kwenye bodaboda kutoka Kibosho kipindi cha masika, na barabara zile, inafika kwangu na ugonjwa wa pili. Unaletewa mashine iliyokuwa inachelewa kuwaka, unaipokea haiwaki kabisa na ina tope ndani. Nikifungua kasha nakuta hata majani ya mgomba.

Ndipo nikapata wazo, na wazo hili ni langu, mtu asije akaambiwa vingine. Nikasema mteja wa mlimani apewe flashi. Akae nayo kabatini kama anavyokaa na dawa ya mafua. Mashine ikigoma, aichomeke, awashe, ajibu anachoulizwa, mfumo mpya uingie wenyewe. Mtaani tunaita kupiga windo, kutokana na Windows, hata kama mfumo wenyewe si huo. Sisi tunatumia ule wa bure, ambao watu huko duniani wanauandika kwa kujitolea na yeyote anaruhusiwa kuuchukua na kuupika upya apendavyo.

Mpishi alikuwa binti wa kaka yangu. Huyu alisoma kompyuta chuo kikuu Dar es Salaam, akarudi Moshi, akaolewa hapa hapa, na kazi anafanya kwangu. Chuo kilimpa cheti, kazi nilimpa mimi. Ananiita baba mdogo hata mbele ya wateja, na ana mdomo, lakini mikono yake inaenda sambamba na mdomo, kwa hiyo tunaelewana.

Shida ilikuwa maswali. Ule mfumo, kama ulivyotoka kwa wenyewe, una maswali kuliko washenga. Lugha gani? Kibodi ya nchi gani? Upo mji gani? Jina lako nani? Kompyuta yako inaitwaje? Neno la siri? Lirudie. Mtandao upi? Diski uikate vipande vingapi? Mtu wa watu amemaliza kulisha ng'ombe, amenawa mikono, amekaa, halafu anahojiwa hivyo. Na mimi nilishajifunza jambo moja ambalo chuo hawafundishi: kila swali ni simu kwangu. Mteja akikutana na swali asilolijua hajibu, anapiga simu.

Kuna mwalimu mstaafu mmoja, mteja wangu wa zamani, tulimpa flashi ya kwanza kabisa ajaribu. Alipoulizwa mji, akaletewa orodha ndefu ya miji ya dunia, Moshi haimo. Akachagua Nairobi. Saa ni ile ile, hakuna kilichoharibika, ila alinipigia kuuliza kama sasa mashine yake inahesabika ya Kenya.

"Sasa mwalimu, Dar es Salaam hukuiona?"

"Niliiona. Lakini Nairobi ni karibu."

Binti yangu alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Mimi sikucheka sana. Nilimwambia, "Mwanangu, hili swali la mji ni la nini?"

"La saa, baba mdogo. Mashine ijue ipo wapi, ndiyo ijue saa ngapi."

"Ipo mlimani. Flashi hii ni ya watu wa mlimani. Swali ambalo jibu lake tunalo, tunamuulizia nini mtu?"

Akalitoa. Na la kibodi akalitoa, maana kibodi zote ninazouza ni za aina moja, na anayejua hilo ni mimi, siyo mteja. La jina la kompyuta lilikufa siku ile ile, kwa sababu mteja mwingine, mfuga mbuzi, alipiga simu akasema hata mbuzi wake hawana majina, hiyo kompyuta aiite nani?

Kwenye neno la siri tulibishana. Mimi nilitaka litoke. Watu wanalisahau, wakilisahau wananipigia. Yeye akasimama kidete.

"Baba mdogo, hizi mashine nyingi zinakwenda kwenye steshenari na ofisi za vikundi. Watu wanaingia na kutoka. Bila paswedi, jirani anasoma barua za watu."

"Basi waweke baadaye wenyewe."

"Kesho hawataweka. Picha ya nyuma ya skrini watabadilisha kesho, rangi watabadilisha kesho. Mlango wa nyumba unafungwa unapohamia, hausubiri wiki."

Hapo nilimpa ushindi. Mkubwa wa kazi anatakiwa ajue pa kumpa mtu. Neno la siri likabaki, na jina la mwenyewe likabaki, kwa sababu mtu anapenda mashine imwite kwa jina. Mtandao tukauweka kwa namna ambayo asiye nao anapita tu, kama anavyopita duka lililofungwa.

Likabaki la diski. Hilo halitoki, ungelifanyaje. Aliyenunua mashine iliyotumika anataka kila cha mwenye zamani kifutwe. Aliyefanyia kazi mashine yake miaka anataka kazi zake zibaki, mfumo ubadilike chini yake. Mashine haiwezi kujua huyu ni yupi. Lazima aulizwe. Na kwa kuwa ni swali zito, tukaliandika kwa heshima. Mimi ndiye niliyeleta "tafadhali." Likawa hivi: "Tafadhali, tunaomba ruhusa ya kuiandaa diski yako yote kwa ajili ya mfumo mpya." Chini yake, kwa maandishi madogo, kwamba mafaili yaliyomo yataondoka. Kisha Ndiyo na Hapana. Ukisema hapana, mfumo unabadilika na kazi zinabaki. Tulilipenda wote wawili. Lilisomeka kama barua ya mtu aliyelelewa.

Sasa nije kwa dada yangu.

Dada ni wa kwanza kwetu kuzaliwa na ana steshenari Kibosho, chumba kimoja kando ya barabara ya kwenda parokiani, mkabala na bucha. Anachapa barua, anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, lakini jina alilipata kwa kuandika wasifu wa marehemu. Huku kwetu mtu hazikwi kienyeji. Kabla ya jeneza kushushwa lazima usomwe wasifu: alizaliwa wapi, wa ukoo gani, alisoma na kufanya kazi wapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi, aliugua nini. Ukisomwa vibaya, mtoto mmoja akasahaulika, ukoo unaweza usisalimiane mpaka Krismasi nyingine. Dada hasahau mtu. Watu wanatoka vijiji vya mbali wanampita mwandishi aliye jirani nao kuja kwake.

Na wote hao marehemu walikuwa ndani ya kompyuta yake. Akifa mtu, dada anafungua wasifu wa baba wa huyo mtu aliouandika zamani, anachukua kutoka humo ukoo na majina. Kwa hiyo siyo mafaili tu. Ni koo nzima za Kibosho, nyumba kwa nyumba.

Mara ngapi nilimwambia, "Dada, nikutolee nakala kwenye diski nyingine"? Hataki. "Mambo ya marehemu wa watu hayatoki dukani kwangu. Wengine wananitajia watoto ambao hata mama yao wa kambo hawajui. Utakwenda kuyaacha Pasua kwenye hayo makorokoro yako?" Huyo ndiye dada. Ukimshauri anakutukana, ukikaa kimya anakuuliza kwa nini hukumshauri.

Masika hayo mashine yake ikaanza kustaki. Inawaka, inafika katikati, inaganda. Anaizima, anaiwasha tena. Asubuhi moja akapiga simu. Kulikuwa na msiba wa mzee mkubwa, mazishi kesho yake, wasifu ameshauandika wote, umo humo, na wenye msiba wanakuja mchana kuuhakiki. Mashine imeganda na haitaki kusogea.

"Mdogo wangu, njoo. Na ukija, njoo umesali."

Tulikwenda mimi na binti, na flashi mfukoni. Gari niliiacha chini, tope lilikuwa limekataa, tukamalizia kwa miguu katikati ya vihamba, mashamba ya majumbani kwetu, migomba inatudondoshea maji shingoni. Binti ndiye aliyesema njiani, "Baba mdogo, shangazi aifanye mwenyewe. Sisi tukae pembeni. Tukimsaidia hatutajua kama flashi inafaa."

"Na koo za watu?"

"Mashine haitendi chochote mpaka ukurasa wa mwisho. Inakusanya majibu kwanza. Mwisho inamwonyesha itakachofanya, ndiyo abonyeze Anza. Na mimi nitasimama kwenye swichi ya ukutani. Akigusa Anza na kuna kosa, nazima."

Nilikubali, maana flashi ni yangu na ninaiamini. Lakini nilisali kweli.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mmechelewa. Viatu vyenu viacheni mlangoni, sakafu nimepiga deki."

Binti akamwamkia, akamweleza mpango. Dada akatutazama kama mtu aliyeita fundi bomba akaambiwa azibue mwenyewe. "Yaani nimekuita wewe, halafu kazi nifanye mimi?"

"Ndiyo ujue ilivyo rahisi," nikamwambia. "Nimeitengeneza hata mtoto anaweza."

"Mtoto hana msiba kesho."

Akakaa lakini. Akavaa miwani, akachomeka flashi, akawasha. "Karibu" ikatokea kwenye skrini, kwa Kiswahili, na dada akasema, "Haya, nimekaribia." Nikamkanyaga binti mguu kwa furaha. Jina, akaandika lake lote mpaka la ubatizo. Neno la siri, akatugeuzia mgongo na kuziba kibodi kwa mkono kama anapika dawa. Mtandao, akapita.

Kisha likaja la diski. Akasoma kwa sauti, maana dada kila kitu anakisoma kwa sauti, ndiyo desturi yake ya kazi: "Tafadhali, tunaomba ruhusa ya kuiandaa diski yako..." Akatabasamu. "Angalau ina adabu kuliko aliyeitengeneza." Akabonyeza Ndiyo.

Nikafungua mdomo. Binti, mkono tayari uko kwenye swichi, akanikazia macho: tulia. Nikaushika mdomo wangu kwa mkono, kweli kabisa, mtu mzima na fremu zangu mbili, nimeketi kwenye kigoda nimejiziba mdomo.

Ukaja ukurasa wa mwisho. Ule ukurasa binti aliuandika bila heshima zozote, kwa ufupi, na leo namshukuru. Dada akasoma, na kidole chake kinafuata mistari kama anavyohakiki wasifu: "Jina la mtumiaji..." ndilo. "Mfumo mpya utawekwa." Vizuri. "Mafaili yote yaliyomo yatafutwa."

Kidole kikasimama hapo. Akasoma tena. Akavua miwani.

"Nani kasema nifutiwe?"

Nikautoa mkono mdomoni, nikamtazama binti.

"Nyie! Nauliza, nani kasema?"

"Wewe, shangazi," akasema binti polepole. "Ukurasa ule uliopita. Ulibonyeza Ndiyo."

"Mimi nilisema karibu! Mtu kaniomba ruhusa kwa adabu, nimwambie hapana? Nimelelewa wapi?"

"Dada, maandishi ya chini yameeleza," nikasema.

"Ya chini! Mtu anayekuomba akuchomee nyumba anakwambia tafadhali kwa sauti kubwa, halafu moto anautaja kwa kunong'ona? Hilo nani kaliandika?"

Binti akatazama dari. Nikasema tuliandika wote, na hilo ni kweli, isipokuwa lile neno la mwanzo.

"Kuna kurudi?"

"Kupo, shangazi. Pale kushoto, Rudi."

Akarudi. Akabonyeza Hapana kwa nguvu, kama anamjibu mchumba wa zamani. Ukurasa wa mwisho ukaja tena, akausoma neno kwa neno mara nyingi, sijui ngapi, mpaka alipofika kwenye "Mafaili yaliyomo yatabaki," akamwita binti aje aangalie naye kama ni macho yake tu. Ndipo akabonyeza Anza. Binti akauondoa mkono ukutani.

Wakati mashine inajifanyia, mstari mdogo unasogea, dada hakuweza kuutazama. Akatugeukia sisi.

"Sikilizeni niwafundishe kazi. Mtu aliyefiwa anasema ndiyo kwa kila kitu. Ukimuuliza, marehemu alikuwa mcha Mungu? Ndiyo. Watoto wote mmewataja? Ndiyo. Ukimuuliza marehemu alikuwa rubani wa ndege atakwambia ndiyo, anataka tu umalize akakae na wenzake. Na mtu mwenye mashine mbovu ni mfiwa vile vile. Mimi simuulizi mfiwa la ndiyo. Namwambia, nitajie watoto wa nyumba ya kwanza. Haya, wa nyumba ya pili. Hapo hana pa kuitikia, lazima afikiri."

"Kwa hiyo hili tuliwekeje?" binti akauliza. Alishafungua laptopu yake juu ya kreti la soda.

"Ni nini kinachotakiwa kujulikana?"

"Kama kazi za mtu zibaki au zifutwe."

"Basi uliza hivyo. Kazi zako zilizomo: zibaki, au zifutwe? Achague moja. Hakuna ndiyo, hakuna hapana, hakuna kupigiana magoti."

Nilijaribu kuitetea heshima kidogo, nikasema angalau tafadhali moja ibaki mwanzoni. Wote wawili wakasema hapana kwa pamoja, na nikaona hiyo hapana ilivyowatoka kirahisi wanapojua wanachoulizwa. Dada akaongeza kwamba liwepo na swali la picha ya nyuma, mtu achague Mama Bikira Maria au mlima. Hilo nililikataa mimi, na nina haki, flashi ni yangu. Picha mtu atabadilisha siku yoyote akiwa na nafasi.

"Basi yangu wekeni Mama Maria," akasema dada, "na msinibishie."

Mashine ikajizima, ikajiwasha. Ikamwita kwa jina lake lote, mpaka la ubatizo. Akaandika neno lake la siri, akiziba tena. Hata wa bucha waliacha kupasua mifupa, au mimi ndiye sikuwasikia. Akafungua folda ya misiba. Ikajaa ukurasa mzima, akashuka, ikajaa tena, ukoo kwa ukoo. Akafungua wa juu kabisa, wa mzee wa kesho. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, wa pili, akafika kwenye wajukuu, kisha akaweka kiganja juu ya kasha la mashine, pale penye joto.

Hakutuambia asante. Alituambia kuna ndizi za kuchoma kwa jirani, tukale tumwache afanye kazi.

Wenye msiba walifika tukiwa tunakula pale nje ya duka la dada, wanaume watatu wenye mabuti ya tope na mama mmoja aliyejifunga kanga kichwani. Tukawapa pole, wakaingia. Kupitia dirishani nilimsikia dada akiwasomea wasifu kwa sauti yake ya kanisani, na mmoja wao akimkatiza kwamba kuna mjukuu yuko Arusha, hajatajwa.

"Wa nyumba ya ngapi?"

"Ya pili."

"Mtoto wa nani?"

Wakatazamana, wakaambiana, wakamwambia. Akaandika. Printa ikaanza kuvuta karatasi.

Tangu hapo flashi yetu imekwenda Uru, imekwenda Machame, imefika na sehemu ambazo mimi mwenyewe sijafika, na simu zimepungua mpaka wakati mwingine nachungulia simu yangu kama ina chaji. Lakini mchana ule ilikuwa bado ya majaribio, na binti alikuwa amekaa kwenye ngazi, laptopu magotini, mkono mmoja una ndizi, anaandika ukurasa ule upya.

"Baba mdogo, zibaki iwe juu, au zifutwe iwe juu?"

Nilikuwa nafikiri. Mambo haya yanataka kufikiri.

"Zibaki juu!" dada akapiga kelele kutoka ndani, bila hata kuinua macho kwenye karatasi za watu.

Binti akaiweka juu.